Kupiga, Kupigwa na Kupigia: Historia ya Picha za Watu na Safari katika Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita

1.0 Utangulizi

Binti anayetoka studio mjini Kahama, akiwa amevaa gauni lake jipya, husema: "Nimepiga picha." Hakushika kamera wala hakubonyeza kitufe chochote. Hata hivyo, hakuna mzawa wa Kiswahili anayemsahihisha. Mchimbaji anayetoka katika duara, uso ukiwa umejaa vumbi, na kumkuta mgeni amekwisha kumwelekezea lenzi, hasemi hivyo. Yeye husema: "Nimepigwa picha." Kitendo cha kamera ni kilekile, na mwanga ulioingia katika lenzi hauna tofauti. Kilichobadilika ni kauli ya kitenzi, na pamoja nayo nafasi ya mtu katika kitendo chenyewe.

Mhadhara huu unachunguza historia ya upigaji picha wa watu na wa safari katika Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita kwa kufuata kauli hizo. Hoja kuu ni kwamba sarufi ya Kiswahili imekwisha kutoa kigezo cha kupimia picha njema ya mtu. Kigezo hicho huuliza kwanza kama aliyemo katika picha alipiga, alipigwa, au alipigiwa. Katika nchi hii swali hilo si la adabu pekee. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 limekuwa, kwa baadhi ya watu, swali la uhai.

2.0 Maneno Yenyewe

Kabla ya neno "picha" kuenea, Kiswahili kilikuwa na "sanamu" na "taswira". "Sanamu" ilibeba mfano wa kitu chochote, uwe umechongwa au umechorwa, na matumizi ya leo yameibana zaidi upande wa kilichochongwa au kufinyangwa. "Taswira", yenye asili ya Kiarabu, imebaki zaidi katika uhakiki wa fasihi. "Picha" iliingia kutoka Kiingereza, ikaingizwa katika ngeli ya I-/ZI-, na ikatafutiwa kitenzi.

Kitenzi kilichochaguliwa ni "piga". Kitenzi hiki kina wepesi wa ajabu wa kuambatana na nomino: watu hupiga simu, pasi, hodi, magoti, kura na ramli. Katika miambatano hiyo maana ya kugonga imefifia, na mzigo wa maana hubebwa na nomino. Ndiyo sababu aliyeketi mbele ya kamera aweza kuwa kiima cha "kupiga picha" bila utata. Kupiga picha ni tukio ambalo mtu hushiriki, kama vile kupiga kura. Kwa mantiki hiyohiyo picha ikifanikiwa huambiwa: "Umetoka vizuri." Kiima ni aliyepigwa picha, na sifa ya kutoka vizuri hupewa yeye.

Hata hivyo, maana ya zamani ya "piga" haikufa. Panapoingia kiambishi cha shamirisho, kama katika "alimpiga mtoto picha", mtoto huwa ndiye anayeangukiwa na kitendo, na kivuli cha kugonga hurejea. Katika kauli ya kutendwa, "mtoto alipigwa picha", kivuli hicho hukolea zaidi. Kauli ya kutendea hubadili mambo: "alimpigia mtoto picha." Hapa mtoto ni kitondo, yaani yule ambaye kitendo kimefanywa kwa ajili yake, na msikilizaji hutarajia kwamba picha itamfikia. Kwa athari ya Kiingereza husikika pia "kuchukua picha". Msemaji mwangalifu angetafakari kabla ya kuikubali, kwa kuwa katika Kiswahili kinachochukuliwa huondoka na mchukuaji.

Kauli hizo tatu, yaani kutendwa, kutenda na kutendea, ndizo zitakazoongoza sehemu zinazofuata.

3.0 Kauli ya Kutendwa: Kamera ya Msafara

Kamera ya kwanza iliyokusudiwa kufika katika nchi hizi haikufika. James Augustus Grant, aliyesafiri pamoja na John Hanning Speke, alipiga picha Unguja mwaka 1860. Msafara ulipoingia bara, kazi ya kutayarisha vioo vya picha ndani ya hema dogo lenye joto kali ilionekana kuwa ya hatari kwa afya yake. Walipofika Usagara, Speke aliamuru kamera irudishwe pwani. Kwa hiyo, walipopita kaskazini mwa Unyamwezi na Uzinza mwaka 1861, nchi ambayo sehemu yake leo imo katika Mkoa wa Geita, Grant alikuwa na penseli na rangi tu. Mchoraji hulazimika kukaa na anayechorwa, na yule anayechorwa hupata muda wa kumtazama anayemchora. Kamera ilipokuja kupata wepesi, ilipunguza muda huo wa kutazamana.

Henry Morton Stanley, ambaye msafara wake wa 1874 hadi 1877 ulikuwa na kamera, alipita Usukuma na kufika Kageyi, kando ya ziwa, Februari 1875. Baada yake walikuja maofisa na wamisionari wa enzi ya Wajerumani. Paul Kollmann, ofisa wa jeshi la kikoloni, alichapisha mwaka 1898 kitabu kuhusu kaskazini-magharibi ya koloni, kikiwamo Usukuma na Uzinza, kilichosheheni vielelezo vya mikuki, vikuku, vyombo na watu. Mwaka huohuo wa 1898 ndio unaotajwa kwa kawaida kuwa mwaka ambao Wajerumani waligundua dhahabu ya Geita. Ardhi na watu viliorodheshwa katika kipindi kimoja, na kwa jicho lenye shabaha moja: kujua kilichopo ili kitumike.

Dalili ya kauli ya kutendwa katika picha za aina hiyo huonekana wazi zaidi katika maelezo yaliyo chini yake kuliko katika picha zenyewe. Mpiga picha hutajwa jina, na mara nyingi mlima na mto pia. Mtu huandikwa "mwanamke wa Kisukuma" au "shujaa". Nomino ya jumla huchukua nafasi ya jina, na uso wa mtu mmoja hulazimishwa kusimama badala ya kabila zima.

Teknolojia nayo ilikuwa na upendeleo wake. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, maabara za picha za rangi zilisahihisha rangi kwa kutumia kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, kadi zilizojulikana kwa jina la "Shirley". Mtafiti wa Canada, Lorna Roth, aliichambua historia hiyo katika makala yake ya 2009. Ngozi nyeupe ikifanywa kuwa kipimo, ngozi nyeusi huonekana kama kasoro ya mwanga. Picha nyingi za Waafrika ambamo huonekana meno na macho tu, huku uso ukiwa giza tupu, zilitokana na kipimo kilichowekwa kwa ajili ya mtu mwingine.

4.0 Kauli ya Kutenda: Studio

Mabadiliko yalianzia pwani. Mjini Unguja studio za picha zilikuwapo tangu karne ya 19, ile ya A. C. Gomes ikiwa miongoni mwa zilizojulikana zaidi, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio, iliyokuja kuendelezwa na mwanawe. Mjini Mombasa studio ya N. V. Parekh ilifanya kazi kuanzia mwaka 1942. Studio hizo zilizaa utamaduni wa mtu kwenda mwenyewe mbele ya kamera, akiwa amejipamba, akichagua pazia la nyuma, kiti, saa na redio, na kulipia kazi hiyo kwa fedha yake.

Njia ya utamaduni huo kwenda bara ilikuwa ileile ya bidhaa na watu. Reli ya kutoka Tabora, iliyofika Mwanza mwaka 1928, ilipita Shinyanga. Mgodi wa Geita ulifanya kazi kuanzia mwaka 1936 hadi 1966, na mgodi wa almasi wa Mwadui, ulioanzishwa na John Williamson mwaka 1940, ulikusanya maelfu ya watu wenye mishahara. Kijana aliyetoka kijijini kwenda mgodini alikuwa na sababu ya kupiga picha: kuituma nyumbani. Picha iliwathibitishia wazazi kwamba yu hai, ana viatu, na hajasahau alikotoka.

Msamiati wa studio unashuhudia ushirikiano huo. Mteja "hupiga" picha, fundi "huisafisha", kisha picha "hutoka". Kitenzi "kusafisha", kwa kazi ya kuitoa picha katika mkanda, ni cha kupendeza: sura ilikuwamo tangu mwanzo, fundi ameiondolea giza tu.

Rashi ya dhahabu ya wachimbaji wadogo, iliyoshika kasi baada ya soko la madini kulegezwa masharti mwishoni mwa miaka ya 1980, ilileta mpiga picha anayetembea. Alifika katika machimbo na kamera yake, akapokea malipo ya awali, akaenda mjini kusafisha mkanda, na kurudi baada ya siku kadhaa. Biashara yake yote ilisimama juu ya neno moja: kurudi. Asiyerudi na picha alipoteza soko na jina.

Dola nayo ilihitaji sura za watu. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura lilipoanzishwa kwa ajili ya uchaguzi wa mwaka 2005, raia wengi walipata kadi yenye picha. Mpiga kura na mpiga picha walikutana katika mtu mmoja, na katika maneno yote mawili mtu huyo ni mtenda.

5.0 Picha Inapokuwa Hatari

Tangu mwaka 2007 habari za mauaji ya watu wenye ualbino katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, Shinyanga ikiwamo, ziliutikisa umma. Imani potofu kwamba viungo vyao huleta utajiri, hata katika uchimbaji na uvuvi, iliwageuza binadamu kuwa bidhaa. Mtaani waliitwa "dili", na neno hilo lilifunga katika silabi mbili mantiki nzima ya uhalifu huo. Aprili 2008 Rais Jakaya Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa Mbunge. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi. Septemba 2009 mahakama iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mvulana mwenye ualbino wilayani Bukombe. Hata hivyo, Februari 2015 mtoto mdogo aliporwa kutoka kwao wilayani Chato, katika mkoa mpya wa Geita uliokuwa umeanzishwa mwaka 2012, akauawa.

Shule ya Buhangija mjini Shinyanga ikawa kimbilio la watoto wenye ualbino. Dunia ilitaka kuwaona, na kamera zikaja. Nyingi zilikuja kwa nia njema, na picha zilisaidia kuamsha dhamiri na misaada. Lakini ni muhimu kutambua jambo ambalo mpiga picha wa safari hafundishwi: picha ya mtoto wa aina hii, yenye jina lake, kijiji chake na mlango wa nyumba yao, ni ramani. Anayeisoma si mfadhili peke yake.

Hatari ya pili inawahusu vikongwe. Tangu miaka ya 1970 mauaji ya wanawake wazee wanaotuhumiwa uchawi yameandamana na jina la Usukuma, na Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyachunguza kwa kina. Macho mekundu, ambayo kwa kawaida huletwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi, yalichukuliwa kuwa alama ya mchawi. Sasa, flashi iliyo karibu na lenzi hupenya hadi nyuma ya jicho na kurudi na wekundu wa mishipa ya damu. Kwingineko hilo ni kasoro ya kiufundi ya kuchekwa. Bibi wa kijijini aliyepewa macho mekundu na kamera, kisha picha yake ikazunguka mkono kwa mkono, amewekwa katika hatari asiyoitaka.

Hatari ya tatu inawahusu watoto wanaofanya kazi machimboni. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu watoto na zebaki katika machimbo madogo, Geita na Kahama zikiwamo. Picha ya uso wa mtoto anayebeba mawe yaweza kusema kweli kuhusu ajira hiyo, na papo hapo ikamwacha mtoto huyo peke yake mbele ya adhabu ya mwajiri. Mikono yake, mzigo wake na mgongo wake vyaweza kusema kweli hiyohiyo bila kumtaja.

6.0 Kauli ya Kutendea: Mwongozo wa Vitendo

Kutokana na historia hiyo yapo mambo ambayo msafiri mwenye kamera, awe mwanafunzi wa utafiti au mpenda sanaa, hana budi kuyazingatia.

Kwanza, salamu hutangulia kamera. "Mwangaluka" ya asubuhi, ikisemwa kamera ikiwa ingali mkobani, hufanya kazi ambayo lenzi ya bei yoyote haiwezi. Kijijini mgeni hujitambulisha kwa mwenyekiti, na machimboni kwa mwenye leseni na msimamizi wa duara. Ruhusa ya wakubwa hao ni ya mahali tu. Ruhusa ya uso hutolewa na mwenye uso. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeyapa uzito wa kisheria mambo ambayo adabu ilikuwa imekwisha kuyasema.

Pili, mwanga wa mahali ujulikane. Shinyanga i karibu na Ikweta, na jua la adhuhuri hukaa karibu na utosi kwa mwaka mzima, likijaza vivuli katika matundu ya macho. Kwa kuwa mji huo uko magharibi zaidi, jua huchomoza kama dakika 20 hivi baada ya kuchomoza Dar es Salaam. Saa 1 hadi saa 2 na nusu asubuhi, na saa 11 hadi saa 12 na nusu jioni, mwanga huja kwa ubavu na kuonyesha sura kwa upole. Adhuhuri afadhali mtu aketi chini ya ukingo wa paa au mwembe, uso wake ukielekea palipo wazi.

Tatu, mwanga upimwe usoni. Kamera hukadiria wastani wa yote inayoyaona. Mtu mweusi akisimama mbele ya anga jeupe, kamera hulihudumia anga na kumwacha mtu gizani. Mpiga picha apime mwanga wa uso, hata kama anga litapauka. Ni masahihisho madogo ya kosa la muda mrefu.

Nne, flashi isielekezwe machoni. Kwa vikongwe sababu imekwisha kuelezwa. Kwa mtu mwenye ualbino, ambaye macho yake huumizwa na mwanga mkali na ngozi yake huunguzwa na jua, kivuli ni sharti la kwanza la heshima. Asiwekwe juani ili ngozi yake "ing'ae".

Tano, mandhari yapewe tarehe. Picha ya Shinyanga ya kiangazi, bila mwezi wala mwaka, imetumika mara nyingi kuthibitisha kwamba mkoa huo ni jangwa. Vichaka vyake vilifyekwa kwa wingi wakati wa ukoloni katika vita dhidi ya mbung'o. Kuanzia mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uitwao HASHI, ulifufua ngitili, malisho ya akiba ya Wasukuma, na miti ikarudi. Anayetaka kusema kweli apige mahali pamoja kiangazi na masika, na aandike tarehe zote mbili.

Sita, maelezo ya picha yaandikwe pamoja na mwenyewe. Jina hurejesha utu pale ambapo enzi ya ukoloni iliandika kabila. Lakini jina laweza pia kumwelekeza mwuaji. Kwa hiyo kanuni sahihi ni kuuliza: "Ungependa uandikweje?" Mchimbaji aweza kutaka jina lake kamili na kazi yake. Mama wa mtoto mwenye ualbino aweza kutaka jina la kijiji lisitajwe kabisa, na hapo hata mlango, mlima na bango la shule havina budi kubaki nje ya picha.

Saba, na hili ndilo linalobeba yote, picha irudi. Irudi katika karatasi, kwa mikono ya mtu anayeaminika, au katika simu ya mwenyewe. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni aliyeondoka na sura za watu mia bila kurudisha hata moja hajamponya mwenyeji yeyote.

7.0 Hitimisho

Simu za mkononi zimeleta umbo ambalo msafara wa Grant haungeweza kulidhania: "kujipiga picha". Kiambishi "-ji-" kimemfanya mtenda na mtendwa kuwa mtu mmoja. Mchimbaji wa Geita aweza leo kujipiga picha penye mdomo wa duara na kuituma kwao kabla jua halijatua. Ni hatua kubwa, kwani anachagua mwenyewe pembe, mwanga na maneno ya kuandika chini yake. Lakini haiondoi wajibu wa mgeni mwenye kamera. Mtoto wa Buhangija na bibi wa kijijini, ambao kwao kuonekana kwenyewe ni hatari, wangali wanategemea uamuzi wa mtu mwingine.

Wanafunzi wa isimu wamezoea kuzitazama kauli za kitenzi kama mnyambuliko wa viambishi: -w-, -i-, -an-. Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha kwamba viambishi hivyo hubeba pia mahusiano ya watu. Herufi moja hutenganisha "nimepiga" na "nimepigwa", na nyingine hutenganisha "amenipiga" na "amenipigia". Mtu wa Shinyanga anapochagua mojawapo anapoulizwa kuhusu picha yake, amekwisha kutoa hukumu juu ya mpiga picha, na kwa kawaida hukumu hiyo ni sahihi.